Linkin Park wamerudi: tunagombania sauti ipi?

Swali: "Mwalimu, habari za kazi. Mimi na kaka yangu tumekua tukisikiliza Linkin Park, bendi ya roki ya Marekani, na tangu albamu ya From Zero itoke hatuelewani. Yeye anasema bendi iliisha siku mwimbaji wao Chester Bennington alipofariki, na hawa wa sasa wamebadilisha muziki ili wauze jina. Mimi albamu naipenda, lakini nikibanwa nieleze kwa nini, nashindwa. Je, sauti ya bendi imebadilika kweli? Na bendi iliyonyamaza kisha ikarudi, ina haki ya kusikika tofauti na tulivyoizoea?"

Jibu: Ndugu msomaji, nzuri. Nikupe jibu lenyewe kwanza. Sauti imebadilika hasa mahali pawili: kwenye koo la mwimbaji na kwenye kiti cha mpiga drams. Kwingineko From Zero ni albamu inayochunga mno isiwaudhi mashabiki wa zamani, na kwa sikio langu hiyo ndiyo kasoro yake. Kaka yako analalamika kwamba wamebadilika. Mimi nalalamika kwamba hawajabadilika vya kutosha.

Kwanza tuyaweke sawa yasiyo na ubishi. Chester alifariki tarehe 20 Julai 2017, miezi miwili tu baada ya One More Light kutoka. Zikafuata takriban miaka saba bila albamu mpya. Kilichotoka kilikuwa cha ghalani, nyimbo zilizorekodiwa Chester akiwa hai. Septemba 2024 wakatangaza kurudi na watu wawili wapya: Emily Armstrong, mwimbaji wa Dead Sara, na Colin Brittain kwenye drams. Rob Bourdon, aliyezipiga drams tangu mwanzo, hakurudi. Mike Shinoda (mwimbaji na mchanaji), Brad Delson (gitaa), Joe Hahn (DJ) na Dave Farrell (besi) wapo, ingawa Delson anafanya kazi ya studio na haendi kwenye ziara. Jukwaani gitaa analishika Alex Feder. Albamu ilitoka tarehe 15 Novemba 2024, ina vipande 11, na yote inamalizika kwa dakika kama 32. Jina lake linakumbusha Xero, jina walilolitumia kabla ya kuwa Linkin Park.

Sasa muulize kaka yako: anaposema "sauti ya Linkin Park", ana maana ya albamu ipi?

Simuulizi kwa kumtega. Bendi hii haijawahi kuwa na sauti moja. Hybrid Theory ya mwaka 2000 na Meteora ya 2003 ni ndugu wa tumbo moja. Prodyuza ni yuleyule, Don Gilmore, na mpango ni uleule: Shinoda anachana mistari kwenye beti, Chester anapasua kiitikio, gitaa zimeshushwa nyuzi na kurekodiwa tabaka juu ya tabaka mpaka zinakuwa ukuta, Hahn anakwaruza sahani za santuri pembeni, na gitaa halipewi nafasi ya kujionyesha peke yake. Mwaka 2007 wakamchukua Rick Rubin wakatoa Minutes to Midnight, na rap ikakaribia kutoweka. Watu waliwaka. Mwaka 2010 ikaja A Thousand Suns, ambayo gitaa limerudi nyuma na mashine zimechukua uwanja, na hapo hasira zikazidi. Wengine waliapa kwamba bendi imekufa. Leo wapo mashabiki wanaoiweka albamu hiyohiyo juu ya zote. Mwaka 2014 The Hunting Party ikarudisha kelele na mwendo wa kasi. Miaka mitatu baadaye One More Light ikaenda kwenye pop ya wazi, na watunzi wa nje wakaalikwa kusaidia. Chester mwenyewe ndiye aliyeiimba, na bado alizomewa nayo, akaambiwa kwamba wamejiuza. Alilijibu jambo hilo hadharani kwa uchungu mkubwa.

Kwa hiyo shutuma anayoitoa kaka yako si mpya. Imetolewa dhidi ya Chester akiwa hai, tena kwa maneno yaleyale. Siku hizi nasikia watu wakiisifu One More Light ili waitumie kuipiga From Zero, na inaniuma, kwa sababu wengi walipaswa kuyasema hayo mwaka 2017.

Liko jambo la kibinadamu hapa. Watafiti wa kumbukumbu wamebaini kwamba muziki tunaoupenda kati ya utoto na ujana hushika kuliko wa umri mwingine wowote. Ukikutana na Meteora ukiwa na miaka 14, hiyo ndiyo inakuwa Linkin Park yako, na kila kinachofuata unakipima kwa hiyo. Mwingine alikutana nao kwa filamu za Transformers, mwingine kwa The Hunting Party. Mkikaa meza moja kubishana, kila mmoja anaitetea bendi yake, na zote zina jina moja.

Hata hivyo sitaki nimalize shauri kwa kusema kila mtu na ladha yake. Sauti ya bendi ni kitu kinachoweza kuchunguzwa. Inatokana na watu fulani kupiga kwa namna fulani, kwenye chumba fulani, chini ya macho ya prodyuza fulani. Bendi ikirudi baada ya miaka, kimojawapo kati ya hivyo huwa kimeshabadilika, na sikio lenye subira hukigundua.

Chukua Black Sabbath, bendi ya roki nzito ya Uingereza. Mwaka 2013 walitoa albamu ya studio inayoitwa 13, ya kwanza kuimbwa na Ozzy Osbourne na bendi hiyo tangu Never Say Die! ya 1978. Prodyuza alikuwa Rubin tena, na aliwakalisha akawapigia albamu yao ya kwanza ya 1970, akawataka wafikiri kama walivyofikiri wakati ule. Mashabiki waliolilia sauti ya zamani walipewa hasa walichokiomba: mwendo mzito wa taratibu, nyimbo ndefu, gitaa la Tony Iommi likiwa limeshushwa. Albamu ikashika namba moja Marekani, jambo ambalo hawakuwahi kulipata hata katika ujana wao. Lakini Bill Ward, mpiga drams wao wa asili, hakuwemo. Yeye na wenzake hawakuafikiana kuhusu mkataba, na drams zikapigwa na Brad Wilk wa Rage Against the Machine.

Wilk ni fundi, sina neno naye. Ila Ward alilelewa kwa kusikiliza wapigaji wa jazi kama Gene Krupa na Buddy Rich, na katika rekodi za miaka ya sabini utamsikia akizunguka gitaa la Iommi, mara anachelewa kidogo, mara anajaza pengo ambalo mwingine angeliacha, na wimbo mzito unapata mwendo wa kuyumba kama jahazi lililojaa shehena. Wilk anapiga wima. Kila pigo liko mahali pake. Sikiliza albamu ya 1970, kisha sikiliza 13 papo hapo, na usijali sana gitaa. Fuata matoazi na drams ndogo. Utaona kwamba walirudisha karibu kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa kinaufanya uzito ule upumue. Hakuna prodyuza awezaye kumwambia mtu mwingine apige kama Bill Ward.

Van Halen walipata funzo linalofanana mwaka 2012 kwa A Different Kind of Truth. David Lee Roth alikuwa amerudi kuimba, na nyimbo kadhaa zilijengwa juu ya demo (rekodi za majaribio) za miaka ya sabini. Yaani muziki wenyewe ulikuwa wa zamani kweli. Aliyekosekana ni Michael Anthony, mpiga besi wao wa zamani, na pamoja naye ikapotea ile sauti nyembamba ya juu iliyokuwa ikiitikia nyuma ya Roth. Watu hawakuwahi kumtaja Anthony sana alipokuwepo.

Upande wa pili wapo Alice in Chains, na huu ndio mfano ambao ningependa kaka yako aukalie chini. Mwimbaji wao Layne Staley alifariki Aprili 2002. Bendi ilirudi mwaka 2009 na Black Gives Way to Blue, miaka 14 baada ya albamu ya mwisho ya studio waliyorekodi naye, na nafasi ikamwangukia William DuVall. Kilichowaokoa ni kwamba walijua sauti yao ilikaa wapi. Haikuwa koo la Staley peke yake. Ilikuwa koo la Staley na koo la mpiga gitaa Jerry Cantrell yakiimba pamoja, noti zikibanana kwa namna inayotia baridi mgongoni, na Cantrell alikuwa bado yupo. Kwa hiyo Cantrell akasogea mbele, akabeba nyimbo nyingi mwenyewe, na DuVall akaingia pembeni yake kuukamilisha ule mwimbo wa sauti mbili. Hakutakiwa kuwa Staley. Alitakiwa kuwa nusu ya pili. Msiba wenyewe wakauimba waziwazi ndani ya albamu. Wimbo unaobeba jina la albamu ni wa kumuaga Staley, na kinanda chake kimepigwa na Elton John.

Tukirudi kwa Linkin Park, ukiwa na masikio hayo, mambo yanaanza kupangika. Sauti yao ya msingi nayo ni ya watu wawili. Shinoda anasema, mwenzake analia. Shinoda anashika chini, mwenzake anapanda. Nusu ya Shinoda haijaenda popote, na ndiyo maana From Zero inasikika kama Linkin Park tangu dakika ya kwanza. Angalia jinsi walivyomwingiza Armstrong katika The Emptiness Machine, wimbo wa kwanza waliouachia. Beti ya kwanza anaiimba Shinoda. Kiitikio cha kwanza, Shinoda tena. Armstrong haji mpaka beti ya pili, na anakuja bila mbwembwe, kana kwamba alikuwepo muda wote akisubiri zamu yake. Wimbo unapofika mwishoni ni yeye anayeuvuta. Na ndani ya wimbo huo hakuna hata mstari mmoja wa rap. Walioutangaza kuwa ni kurudi kwa mwaka 2000 hawakusikiliza vizuri.

Sauti ya Armstrong ina mchanga ndani yake. Anapopaza, ule mkwaruzo unatangulia noti, wakati kwa Chester noti ilitangulia na mkwaruzo ukafuata. Chester hata alipopiga mayowe ulisikia wimbo ukiendelea kupita chini yake. Armstrong anauvunja wimbo kwanza kisha anauokota. Hizi ni tabia mbili tofauti. Ndiyo maana nyimbo zilizoandikwa kwa koo la Chester, anapoziimba jukwaani, baadhi zinamkaa na nyingine zinamkataa, na sioni aibu kwake katika hilo. Kuhusu wanaosema mwanamke hawezi kufika zile noti, hilo halina msingi. Chester alikuwa na sauti ya juu kwa mwanamume, na viitikio vyake vingi viko mahali ambapo mwanamke mwenye sauti ya roki anafika bila shida. Tofauti iko kwenye rangi ya sauti, si kwenye kimo chake.

Kuhusu drams sina mengi. Bourdon alikuwa mpigaji mwenye nidhamu na alikaa sambamba na mashine. Brittain anapiga kwa nguvu zaidi na, kwa kuwa naye ni prodyuza, drams za albamu hii zimewekwa mbele sana kwenye miksi, yaani sauti zote zilipochanganywa.

Sasa nije kwenye lalamiko langu. Sikiliza From Zero kwa mpangilio wake na jiulize kila wimbo unatoka mwaka gani. Two Faced, wenye rap, sahani zinazokwaruzwa na mlipuko wa katikati, ungeweza kukaa kwenye Hybrid Theory bila mtu kushtuka. Overflow unaelea kama vitu vya A Thousand Suns. Stained una pop ya 2017. Heavy Is the Crown una yowe refu la Armstrong ambalo kila shabiki analilinganisha na lile la Chester katika Given Up la sekunde 17, na sidhani kwamba ulinganisho huo ulikuja kwa bahati. Kila kizazi cha mashabiki kimewekewa sahani yake. Naelewa kwa nini. Watu hawa walikuwa wanarudi baada ya msiba, mbele ya umati uliogawanyika, na mwimbaji wao mpya alishambuliwa tangu siku alipotangazwa. Mtu katika hali hiyo anatafuta kwanza kukubaliwa. Lakini matokeo yake ni albamu inayotembelea nyumba zake za zamani moja baada ya nyingine, na dakika 32 hazitoshi kukaa popote.

Mahali ninapowapenda kweli ni pawili. Casualty, ambao ni wa kasi na mchafu, na Shinoda mwenyewe anapaza sauti kwa ukali ambao hakuwa na desturi nao alipokuwa na Chester wa kumfanyia kazi hiyo. Na Over Each Other, ambao Armstrong ameachiwa mwenyewe, kwa utulivu, bila Shinoda kuimba naye. Katika nyimbo hizi mbili hakuna anayejaza pengo la mtu. Nyimbo hizo zinaniambia kwamba bendi hii ina mahali pa kwenda.

Kwa hiyo ukibanwa tena ueleze kwa nini unaipenda albamu, usianze na "mimi naona ni nzuri tu." Mwekee mwenzako zamu ya beti ya pili katika The Emptiness Machine, mwambie asikilize Armstrong anavyoingia. Mjadala wa muziki unakuwa na maana pale watu wawili wanapozungumzia sekunde ileile ya wimbo uleule.

Umeuliza kuhusu haki. Haki ya kubadilika wanayo, sioni inavyoweza kubishaniwa. Kazi ni yao. Swali la maana zaidi ni kama mabadiliko yametokana na kufanya kazi pamoja au na kutofanya. Blink-182 waliporudiana mwaka 2009 walitoa Neighborhoods mwaka 2011, na sehemu kubwa ya albamu ile ilitengenezwa Tom DeLonge, mpiga gitaa na mwimbaji, akiwa studio yake San Diego na wenzake wakiwa Los Angeles, wakirushiana mafaili. Prodyuza wao wa miaka mingi, Jerry Finn, alikuwa amefariki mwaka 2008. Albamu ina nyimbo nzuri, lakini unasikia watu wanaopishana mlangoni. DeLonge akaondoka tena mwaka 2015. Aliporudi, wakatengeneza One More Time... ya 2023, safari hii chini ya uprodyuza wa mpiga drams wao Travis Barker mwenyewe, na ule utani wa sauti mbili kurushiana mistari ukarudi. Mabadiliko ya 2011 yalikuwa dalili ya umbali. Ya Linkin Park siyasikii hivyo. Shinoda, Delson na Hahn walianza kukutana na kujaribu nyimbo na Armstrong na Brittain miaka kadhaa kabla ya kutangaza lolote, na hilo linasikika: hawa wamezoeana.

Kuhusu kuuza jina, ningekuwa mwangalifu. Bendi inayotaka fedha za jina haihitaji albamu mpya hata kidogo. Inapanga ziara, inapiga nyimbo zilezile kumi na tano, watu wanaimba, wanarudi nyumbani. Kuingia studio kuandika nyimbo ambazo hakuna aliyeziomba, ukijua kila moja itapimwa na kazi uliyoifanya ukiwa na miaka ishirini na kitu, ni kujitafutia lawama kwa hiari.

Tena usihukumu kwa albamu ya kwanza ya kurudi. Aerosmith waliporudiana katikati ya miaka ya themanini, walitoa Done with Mirrors mwaka 1985 wakijaribu kusikika kama zamani, ikapita bila kishindo. Miaka miwili baadaye wakafanya kinyume katika Permanent Vacation: prodyuza mwingine, watunzi wa nje, mng'aro mwingi. Mashabiki wengi wa zamani walinung'unika, na hadi leo wapo wanaonung'unika, lakini bendi ilipata maisha ya pili kutoka hapo. Sisemi Linkin Park waige njia hiyo. Nasema albamu ya kwanza mara nyingi ni ya kujitambulisha upya, na ya pili ndiyo inayoonyesha bendi ni nani sasa. Toleo la nyongeza la From Zero lililotoka Mei 2025 lina nyimbo tatu mpya, na katika Up From the Bottom nasikia Shinoda na Armstrong wakigawana wimbo bila woga kuliko albamu yenyewe. Anzia hapo ukitaka kujua wanaelekea wapi.

Limebaki la kaka yako. Kama anachosema ni kwamba muziki umeharibika, bishana naye, umeshapata vya kumwonyesha. Kama anachosema ni kwamba hawezi kulisikia jina lile likiitwa na Chester hayupo, hapo usibishane. Huyo hazungumzii albamu, na hakuna wimbo utakaompigia ukambadilisha. Msikilizeni Chester pamoja, hata hiyo One More Light ambayo wengi walimzomea nayo, na From Zero uisikilize kwa wakati wako.